Nguruwe Hagongi Muhuri

Ukurasa ulifika nusu, ukasimama. Fanueli alingoja. Hakubonyeza tena, kwa kuwa alikwisha kujifunza kwamba ukibonyeza mara ya pili unaurudisha mwanzo. Modemu ilining'inia kwenye nondo za dirisha, imefungwa kwa kipande cha bendeji, kwa sababu hapo ndipo mahali pekee katika chumba kile paliponasa mtandao. Nje, malori yaliyongoja kuvuka kwenda Zambia yalikuwa yamejipanga tangu Tunduma mjini hadi karibu na geti la hospitali, na kila moja lililosogea hatua mbili lilitifua vumbi lililoingia dirishani na kutua juu ya kibodi.

Ukurasa ukamalizika kufunguka. Hakuna makala iliyopatikana.

Alifuta vumbi kwa kiganja, akalitazama swali lake upya. Kifafa, na jina la dawa ya kichocho, na Tanzania. Aliyaandika kwa Kiingereza, maana hazina ile ya makala za tiba haikujua lugha nyingine. Labda neno la kifafa lilikuwa jembamba mno. Waandishi wengine husema degedege, wengine husema kupoteza fahamu na kutetemeka. Akayaweka yote matatu ndani ya mabano, akayaunganisha kwa "au", kisha akabonyeza na kungoja tena. Mgongo ulikuwa unamuuma tangu asubuhi.

Swali lenyewe lilikuwa limelala wodini, kitanda cha pembeni. Jina lake Restuta. Mumewe, Jilala, alikuwa amemleta juu ya magunia ya mpunga kutoka bondeni Momba, ambako watu wa kabila lake walihamia na ng'ombe wao. Mkojo wake ulikuwa na damu. Maabara walisema kichocho, na kichocho dawa yake inajulikana: unampima mgonjwa uzito, unampa vidonge, anameza mbele yako, anarudi kwake. Fanueli, aliyekuwa tabibu katika hospitali ile tangu ilipokuwa zahanati, alikuwa amekwisha kushika kopo la vidonge alipouliza, kwa mazoea tu, kama mgonjwa ana tatizo jingine.

"Anaanguka," Jilala alisema.

"Anaangukaje?"

"Anaanguka. Macho yanapinduka, anatoka povu. Ilianza masika yaliyopita. Lakini hilo hatukulileta. Tumeleta mkojo."

Fanueli alimshika mgonjwa mkono ili ampime presha, na chini ya ngozi ya mkono ule vidole vyake vilikutana na vinundu vidogo, vigumu, vinavyoteleza kama maharage ndani ya mfuko. Aliliweka kopo chini. Kuna mahali aliwahi kusoma kwamba dawa ya kichocho ina hatari kwa mtu ambaye minyoo ya nguruwe imemwingia kichwani. Dawa inawashtua minyoo waliolala, ubongo unavimba, na mtu huanguka vibaya kuliko mwanzo. Lakini ni wapi alisoma, na walisema afanyiwe nini mtu kama huyo, hakukumbuka.

Alimpelekea jambo hilo Daktari Ikram, mganga mfawidhi, aliyekuwa chumba cha upasuaji akinawa mikono.

"Kukumbuka tu hakutoshi, kaka Fanueli," Ikram alisema. Hakusema kwa ukali. Alikuwa ametoka kumpasua mama mmoja na alikuwa akielekea kumpasua mwingine. "Mwongozo unasema tumpe. Ukiniletea kitu kinachosema nisimpe, nitakisoma. Mumewe anataka kuondoka lini?"

"Kesho alfajiri, na lori lililowaleta."

"Basi nitafutie leo."

Ndiyo maana alikuwa ameketi hapo tangu kabla ya chakula cha mchana.

Hakuna aliyemfundisha kazi ile. Kompyuta ililetwa na wageni waliopita, pamoja na karatasi yenye nenosiri la kuziruhusu hospitali za nchi maskini kusoma majarida ya tiba bila malipo. Wageni walipiga picha, wakaondoka. Mwanzoni Fanueli aliiuliza mashine kama anavyouliza mtu, sentensi nzima na alama ya kuuliza mwishoni, na mashine ikamletea makala za samaki, za panya wa maabara, za wazee wa Ulaya. Alijifunza kidogo kidogo kwa kukosea. Alijifunza kulivunja swali vipande: mgonjwa ni nani, anapewa nini, tunaogopa nini. Alijifunza kwamba kila kipande kina majina mengi, na kwamba aliyeandika makala hakukaa chini akifikiria jina ambalo mtu wa Tunduma angelitumia.

Baadaye akaanza kuwatengenezea wauguzi njia ya mkato. Muuguzi wa zamu hana saa nzima ya kuhangaika na mabano. Kwa hiyo Fanueli alitunga maswali tayari, akayahifadhi kwenye kompyuta kwa majina ya Kiswahili: kifafa, kichocho, kifaduro, kuumwa na nyoka, mimba yenye presha. Muuguzi alibonyeza jina, na swali refu lililotungwa vizuri likaenda lenyewe kwenye hazina. Kazi hiyo ilimpendeza kuliko alivyowaambia watu. Mara nyingine alimkuta muuguzi ameinama mbele ya mashine akisoma, midomo ikicheza, naye alipita taratibu asimkatishe.

Na kila swali kati ya hayo lilimalizika kwa neno Tanzania.

Neno hilo lilikuwa na historia yake. Katika mkutano mmoja wa wilaya alisimama kusoma jibu alilolipata kuhusu kuharisha kwa watoto, na utafiti ulikuwa umefanyika Peru. Mjumbe mmoja aliuliza, "Huko Peru wanakula ugali?" Ukumbi ukacheka, na Fanueli akacheka pia. Hakuona kwamba mjumbe alikosea kuuliza. Watu wana haki ya kutaka habari za watu wanaofanana nao. Tangu siku hiyo akawa anaongeza jina la nchi mwishoni. Kurasa zikapungua, kifurushi cha intaneti kikadumu zaidi, na hakuna aliyecheka tena.

Ukurasa ulifunguka. Safari hii makala zilikuwepo, chache. Ya kwanza ilihesabu wenye kifafa katika vijiji vya mbali huko kaskazini. Ya pili ilihusu kichocho mashuleni. Alizisoma zote mbili mpaka mwisho, kwa kuwa hakupenda kuiacha makala kabla haijamaliza kusema. Hakuna iliyomzungumzia mtu mwenye yote mawili.

Mlango uligongwa, na Jilala akaingiza kichwa kabla hajaitikiwa. Alikuwa mrefu, amejitanda blanketi la mistari licha ya joto, fimbo mkononi.

"Hodi, shemeji. Mashine imesemaje?"

Alimwita shemeji tangu alipogundua kwamba Fanueli ni Mnyiha kama mke wake. Fanueli alilikubali jina hilo.

"Bado, shemeji. Karibu ukae."

"Nikikaa nitalala." Aliitazama skrini kwa shaka, kama mtu anayemtazama ndama asiyejua mama yake ni nani. "Sisi kule ng'ombe akiumwa hatuulizi Wazungu. Tunamtazama macho, tunamtazama mavi, tunajua."

"Na akifa?"

"Akifa tunakula." Jilala alicheka, kisha kicheko kikamwishia njiani. "Mke wangu lakini siwezi kumla. Nipe vidonge, shemeji. Dereva amesema hangoji mtu."

"Twende kwanza nikamwulize mambo fulani. Asubuhi sikumwuliza vizuri."

Walitembea ubavuni mwa jengo, kwenye kivuli. Restuta alikuwa ameketi kitandani akisuka ukili ambao haikujulikana ameupata wapi. Ngozi ya mkono wake wa kushoto, kuanzia kiwiko mpaka vidole, ilikuwa imejikunja na kung'aa. Fanueli aliliona kovu hilo asubuhi na hakuuliza. Sasa aliuliza.

"Nilianguka jikoni," Restuta alisema. "Maji yalikuwa yanachemka. Yeye alikuwa malishoni."

Jilala aliitazama fimbo yake.

Fanueli alivuta stuli. Alimwuliza kuhusu vinundu, vilianza lini, kama vinauma. Kisha akauliza kama kwao walifuga nguruwe.

"Kwetu Ruanda ya Mbozi? Nani hafugi? Baba alikuwa na nguruwe wengi. Walitembea tu, kila mahali, mpaka vichakani tulikojisaidia." Aliona haya kidogo, akaendelea kusuka. "Wanunuzi wakija, walimlaza nguruwe chini, wakamtia kijiti mdomoni, wakauvuta ulimi kwa kitambaa na kuupapasa chini yake. Wakikuta punje, kama punje za mchele, wanamkataa."

"Aliyekataliwa mlimfanya nini?"

"Tulimla wenyewe. Unadhani tungetupa nyama, daktari?"

"Hapana."

"Mama alisema, ukichemsha sana mchele unakufa. Lakini wengine walichoma tu."

Fanueli aliitikia kwa kichwa polepole. Hakumlaumu mama wa Restuta. Alikuwa sahihi kuhusu kuchemsha. Yeye mwenyewe, utotoni huko Nanyala, aliwahi kula nyama ya namna hiyo kwenye harusi, na watu walisifu mnofu. Tena alijua kwamba hatari iliyoingia kichwani haikutoka moja kwa moja kwenye nyama. Ilitoka kwa mtu mwenye mnyoo wa tegu tumboni, ambaye mayai yake husambaa kwa mikono isiyooshwa na mboga zilizoota karibu na vichaka vile. Huenda mtu huyo hakuwahi kuanguka hata siku moja.

"Na mbegu ya nguruwe wenyewe baba aliitoa wapi? Mbozi huko huko?"

"Hapana. Ng'ambo, Zambia. Mjomba wangu yuko Nakonde. Alileta jike lenye mimba, akapita nalo kwenye mashamba ya watu hadi kwetu."

"Hakuna aliyemzuia mpakani?"

Restuta aliinua macho kutoka kwenye ukili, na kwa mara ya kwanza siku ile akatabasamu. "Daktari, na wewe! Nguruwe hagongi muhuri."

Jilala aliangua kicheko mpaka mgonjwa wa kitanda cha jirani akageuka. "Unasikia? Ng'ombe wangu mmoja akivuka mto tu, mgambo wanakuja na bunduki. Nguruwe wao wanaingia nchini kama wabunge!"

Fanueli naye alicheka. Alikuwa bado anacheka alipofika mlangoni mwa chumba cha kompyuta, na hapo akanyamaza. Swali lake lilikuwa bado limeandikwa kwenye skrini, na mwisho wake, baada ya mabano yote aliyoyapanga kwa uangalifu, lilisimama neno Tanzania kama kizuizi cha barabarani.

Aliketi. Sukari iliyokuwa kwenye kopo juu ya dirisha ilitoka Zambia. Mafuta ya kupikia ya hospitali yalitoka Zambia. Mke wake alivuka kila wiki kwenda kununua unga, kwa miguu, akisalimia pande zote mbili. Hakuna kitu chochote cha mji ule kilichokuwa cha upande mmoja, na yeye aliishi hapo miaka yote hiyo, kisha akaiambia mashine imtafutie ugonjwa unaoishia kwenye mawe ya mpaka.

Aliondoa neno. Akabonyeza ili aone tu, na hazina ikammwagia makala nyingi mno, nyingi za Amerika ya Kusini, Peru ikiwemo. Hilo nalo halikufaa. Kifurushi kingekwisha kabla hajasoma robo. Akaweka mabano mengine mwishoni: Tanzania, au Zambia, au Malawi, au Msumbiji. Kisha, kwa kuwa Restuta alikuwa amemkumbusha, akaongeza kipande cha nguruwe, na kipande cha vinundu chini ya ngozi. Akabonyeza. Mtandao ulikatika. Akaisogeza modemu upande wa pili wa nondo, akangoja, akaanza upya.

Makala ilikuwa ya tano kutoka juu. Madaktari wa Zambia walieleza habari za mgonjwa mmoja wa mashambani, aliyepewa dawa ya kichocho katika zoezi la kugawa vidonge kijijini. Alikuwa na vinundu. Alikuwa na historia ya kuanguka, lakini hakuna aliyemwuliza. Baada ya kumeza alianguka tena na tena, akalazwa. Fanueli alisoma muhtasari kwa kidole, mstari kwa mstari. Sentensi ya mwisho ilisema kwamba namna ya kuwatibu wagonjwa kama hao imeelezwa ndani ya makala.

Alibonyeza ili aingie ndani ya makala. Ukaja ukurasa mweupe wenye kufuli dogo. Jarida lile halikuwa miongoni mwa yale yaliyofunguliwa kwa nenosiri la hospitali.

Halafu akatafuta anwani ya mwandishi chini ya muhtasari, akaandika barua pepe fupi, kwa Kiingereza chake cha kujifundisha, akieleza mgonjwa ni nani na yuko wapi. Aliisoma mara kadhaa kabla ya kuituma. Kisha akachapisha muhtasari, akampelekea Ikram.

Ikram alikuwa amekaa kwenye benchi la nje, kofia ya upasuaji ikiwa bado kichwani, chai imepoa mkononi. Alisoma akiwa ameisogeza karatasi karibu na macho.

"Walimpa nini kabla ya dawa?" aliuliza.

"Haisemi. Makala kamili imefungwa. Nimemwandikia mwandishi."

"Sipendi muhtasari. Ni kama kusimuliwa harufu ya pilau." Aliisoma tena. "Mgonjwa mmoja tu huyu."

"Mmoja tu. Sijamaliza kutafuta, daktari. Nilikuwa natafuta upande mmoja wa mpaka."

Ikram alimtazama, akafikiri, asiulize zaidi. Alikuwa mtu wa Tanga, lakini alikwisha kukaa Tunduma vya kutosha kuelewa. "Mwongozo unasema tumpe," alisema taratibu, kama anayejikumbusha. "Ila waliouandika hawakushika mkono wake. Sawa. Leo hapewi dawa ya kichocho. Kichocho kitangoja, hakimuui wiki hii. Aanze vidonge vya kifafa jioni hii, na kesho nitapiga simu Mbeya niulize kama kuna mahali pa kumpiga picha ya kichwa. Wewe endelea kutafuta. Mumewe nitamwambia mwenyewe."

Jilala hakupenda alichoambiwa.

"Kwa hiyo mashine imekataa."

"Haijakataa, shemeji," Fanueli alisema. "Haijamaliza."

"Ng'ombe wangu nao hawajamaliza. Wako na mtoto wa kaka yangu, naye hulala mchana. Saa hizi wamo ndani ya mpunga wa watu, wanakula kesi." Alimgeukia Ikram. "Mama, nipe hivyo vidonge nivishike mimi. Atameza nyumbani. Nitamwangalia."

"Ukimwangalia akaanguka, utafanya nini?"

"Nitamshika."

"Na ukiwa malishoni?"

Lori lilipiga honi barabarani, jingine likajibu.

Restuta alikuwa amewasikiliza wote bila kuacha kusuka. Sasa aliuweka ukili chini. "Baba Masele," alimwambia mumewe, "kwetu kuna moto, na kuna mto." Aliunyoosha ule mkono ulioungua juu ya shuka, si kwa kuuonyesha, ila kama mtu anayeupumzisha mkono wake. "Mimi nitangoja hapa. Wewe nenda kwa ng'ombe."

Jilala alisimama. Aliizungusha fimbo kwenye sakafu, akatazama dirishani kwenye foleni ya malori, akamtazama mke wake. Kisha akalivua blanketi lake, akalikunja, akaliweka miguuni pa mkewe kitandani.

"Usiku kuna baridi huku kwenu milimani," alisema. "Nakwenda kumwambia dereva aondoke na mtu mmoja." Mlangoni aligeuka. "Au asiondoke na mtu kabisa. Sijui. Shemeji, kesho alfajiri utakuwepo kwenye mashine yako?"

"Nitakuwepo."

"Nitapita kwanza nikuulize."

Jua lilikuwa limeshuka nyuma ya malori Fanueli aliporudi kwenye kiti chake. Alifungua barua pepe. Hakukuwa na jibu, wala hakulitegemea bado. Makala nne za juu na zote za chini ya ile ya tano zilikuwa hazijasomwa. Alisoma moja, akaona macho yanaruka mistari, akaifunga kwa kuwa kusoma kwa macho hayo ni sawa na kutosoma.

Basi akafungua yale maswali tayari ya wauguzi. Alianza na la kifafa. Alifika mwisho wake, akafuta neno lililosimama peke yake, akaandika mabano yenye nchi zote jirani, akalijaribu kama linafanya kazi. Lilifanya. Akalihifadhi. Yaliyobaki yalipangana chini yake kwenye skrini, kila moja na neno lile lile mwishoni, na mengine, alijua, yangehitaji majirani wa aina nyingine. La nyoka lilihitaji bonde zima la Rukwa. La kifaduro labda halikuhitaji nchi kabisa. Ilibidi afikirie moja moja.

Alifungua la kichocho. Alikuwa amefika kwenye mabano ya kwanza umeme ulipokatika, na feni ikazunguka mara chache bila nguvu, ikasimama. Huko wodini mtu alicheka, pengine Restuta. Fanueli alingoja kidogo aone kama umeme utarudi. Haukurudi. Aliifungua bendeji, akaishusha modemu kutoka kwenye nondo, akaifunga ndani ya kitambaa, akaiweka mfukoni ili kesho asianze kwa kuitafuta.